Kiu Ni Uvivu wa Koo

Sitalitaja jina lake. Kwanza, wapo wanaolibeba hadi leo, watoto na wajukuu, na hao hawakunikosea. Pili, yeye naye hakuwa na desturi ya kutuita kwa majina. Kwake tulikuwa Kipa, Beki, Kiungo, Wingi. Mimi nilikuwa Beki wa Kulia, na hata tulipokutana bwaloni, nikiwa na sahani ya maharage mkononi, aliniita hivyo hivyo: "Beki, mbona unatembea kama mgonjwa?" Sisi tulimwita Mkufunzi. Chuo kilikuwa na wakufunzi wengi, lakini ukisema Mkufunzi bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni yule wa sayansi na mpira.

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa nje kidogo ya mji wa Shinyanga, kwenye tambarare isiyo na miti, pamba mbele na pamba nyuma. Ilikuwa miaka ya sabini. Uwanja wetu haukuwa na nyasi ila wakati wa masika, na kiangazi ulipasuka nyufa ambazo mtu aliweza kutumbukiza kidole. Mkufunzi alisimama pembeni ya uwanja huo kila jioni akiwa amevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ya mkaa na soksi nyeupe zilizovutwa mpaka magotini. Mfuko wa kushoto ulikuwa na chaki, wa kulia ulikuwa na filimbi. Sijawahi kuona vumbi likimshika mtu kidogo namna ile. Tulitania kwamba vumbi nalo lilikuwa likimwogopa.

Darasani alikuwa mwalimu hodari kuliko wote niliowahi kuwa nao, na sikuwa nao wengi, kwa hiyo nimempima pia kwa vitabu nilivyosoma peke yangu baadaye. Hakuna kitabu kilichonieleza moyo vizuri kama alivyonieleza yeye kwa pampu ya baiskeli. Alichora ngozi ya binadamu ubaoni kwa chaki za rangi: vinyweleo, tezi za jasho, mishipa. Alituambia kwamba jasho ni maji ambayo mwili unayatoa ili kujipoza, na maji hayo lazima yarudishwe. Aliligonga bango la mifupa kwa fimbo na kusema, "Msiniletee hadithi za babu zenu. Mwili hauna siri. Mwili una sehemu."

Naomba msomaji aishike sentensi hiyo. Nitairudia.

Vita vyake vikubwa vilikuwa dhidi ya hirizi. Wengi wetu tulitoka vijijini, na vijijini kwetu hakuna mashindano yasiyo na dawa. Wacheza ngoma wana waganga wao, wanaoshindana kulima wana waganga wao. Kwa nini wacheza mpira wawe maskini? Siku moja kabla ya mechi alitupanga mstari nje ya maabara na kutuamuru tuvue soksi na kuzigeuza ndani nje. Zilidondoka hirizi za kutosha kufungua duka. Alizipanga juu ya meza, akachukua wembe na kuzipasua moja moja, huku tukimzunguka.

"Hii ni mizizi," alisema. "Hii ni majivu. Hii nayo? Ngozi ya kenge. Kipa, hii ni yako?"

"Hapana, Mwalimu."

"Imetoka kwenye soksi yako."

"Labda imejiingiza, Mwalimu."

Tulicheka mpaka tukaegemeana. Mkufunzi naye alicheka, kisha akauliza, "Nani ameona goli humu? Mwenye kuliona anionyeshe, nami nitampa ngozi yake." Tangu siku hiyo tulicheza bila hirizi, tukawa tunashinda, nasi tukamwamini kabisa. Nasema hivi ili ieleweke imani yetu ilikuwa kubwa kiasi gani. Alikuwa ameiondoa kwenye soksi, akaichukua yeye.

Alikuwa na wema pia. Kipa huyo huyo wa ngozi ya kenge alipougua homa wakati wa mvua, lori la chuo likiwa bovu, Mkufunzi alimpakia kwenye baiskeli yake na kumpeleka hospitali ya misheni, akimsukuma kwenye matope na kumbeba mgongoni pale mto ulipokuwa umejaa. Alirudi na soksi nyeusi kwa tope, na hakutaka mtu yeyote amsifu. Mpira ulipopasuka aliushona mwenyewe kwa uzi uliopakwa nta, akaupaka mafuta ya ng'ombe usikauke, akafunga kamba kwa fundo ambalo hakuna mwingine aliyeweza kulifungua. Nayaandika haya kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nafurahi kuyaandika. Ingekuwa nafuu kwangu kama angekuwa mtu mbaya tangu asubuhi hadi jioni.

Sasa nifike kwenye maji.

Makocha wengi wa enzi zile waliamini kwamba maji yanamtia mchezaji uzito na kumkata pumzi. Mapumziko ulipewa kipande cha ndimu unyonye, basi. Kwa hilo simlaumu peke yake. Lakini yeye aliongeza juu yake msemo wake mwenyewe, ambao aliutamka kila mtu alipoonekana kulitazama bomba: "Kiu ni uvivu wa koo." Tuliusema kwa mzaha mabwenini, tuliuandika kwa mkaa ukutani. Tulidhani ni ushujaa.

La pili ni hili. Katika nchi yetu timu ngeni hainywi maji ya wenyeji. Inasemekana wenyeji huyatia dawa ya kulegeza miguu. Kila timu ilibeba maji ya kwao, na dumu la maji lilipewa mlinzi kama benki. Ungetegemea kwamba mtu aliyepasua hirizi zetu kwa wembe angeicheka desturi hiyo. Hakuicheka. Alijaza dumu kwenye kisima cha chuo kwa mikono yake, akaufunika mdomo wa dumu kwa kitambaa, akalifunga kwa lile fundo lake la mpira, akaliweka miguuni pake mbele ya lori. Kiungo wetu alithubutu kumuuliza: "Mwalimu, si ulisema uchawi haupo?"

"Haupo."

"Sasa dumu?"

"Huo si uchawi, Kiungo. Hiyo ni tahadhari."

Msimu ninaouzungumzia tulikuwa tunagombea kombe la vyuo, na tulikuwa na wingi wa kushoto ambaye sijaona mwingine kama yeye. Huyu nitamtaja: aliitwa Masanja, kijana wa Didia, mwembamba, mwenye kucheka kabla hajasikia mwisho wa kichekesho. Kitanda chake kilikuwa juu ya changu. Tulipokwenda kwao Didia kucheza mechi ya kirafiki alifunga magoli mawili, na baada ya la pili mwanamke mmoja aliingia uwanjani na mwiko wa ugali akipiga vigelegele, akamzunguka Masanja akicheza, mpaka mwamuzi akaukamata mpira kwapani na kungoja. Huyo alikuwa shangazi yake, Kabula, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alikuwa na macho mekundu. Mtu yeyote anayepika kwa samadi ya ng'ombe maisha yake yote, katika nchi isiyo na kuni, huwa na macho mekundu. Lakini kwetu macho mekundu ya mwanamke mzee yana tafsiri nyingine, ya uchawi, na tafsiri hiyo huua.

Mechi ya mwisho ilikuwa ugenini, kwenye chuo cha ufundi upande wa machimbo ya Geita. Tuliondoka asubuhi kwa lori la chuo. Shangazi Kabula alikuwa amemtumia Masanja fungu la matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kuanikwa mpaka vikakauka kama ngozi. Masanja hakuweza kula peke yake kitu chochote. Alitugawia sote. Mimi nilikula. Kipa alikula. Mkufunzi mwenyewe, lori liliposimama Segese, alinyoosha mkono kutoka mbele: "Wingi, nipe na mimi." Alitafuna, akasema, "Shangazi yako anajua kazi." Hili nalo lishikwe.

Baada ya Segese rejeta ilichemka. Jua lilikuwa kali, mto uliokuwa karibu ulikuwa mchanga mtupu, hakukuwa na nyumba. Dereva wetu, Muislamu wa mjini aliyependa maneno, alifungua boneti, akarudi akijifuta mikono.

"Mwalimu, naliomba hilo dumu."

"Haya ni maji ya wachezaji."

"Sawa. Basi wachezaji na wasukume lori mpaka Geita."

Sisi huku nyuma tulicheka. Mtu mmoja, sikumbuki nani, alipaza sauti: "Dereva, liambie kiu ni uvivu wa koo!"

"Nimeshaliambia," dereva alijibu. "Halijasoma chuo."

Mkufunzi alitazama saa yake, akafungua fundo. Maji yote yaliingia kwenye rejeta. Lori lilikunywa. Nimeifikiria sentensi hiyo kwa miaka mingi, na kila mara hasira huja mpya kama ya siku ile: lori liliruhusiwa kuwa na kiu.

Tulifika jua likiwa utosini. Wenyeji walikuwa wameweka mtungi mkubwa kivulini, kata juu yake. Nahodha wao alitukaribisha kwa heshima: "Poleni na safari, jamani. Maji yale pale." Midomo yetu ilikuwa imeshikana. Mkufunzi alitabasamu na kusema, "Ahsanteni, tumekunywa njiani." Alisema hivyo bila kupepesa macho. Kisha akatugeukia, sauti chini: "Atakayegusa mtungi ule hachezi, na hatacheza tena chuoni kwangu."

Wakati wa mapumziko tulikuwa sare. Tulipewa ndimu. Masanja hakunyonya yake, aliishika tu.

"Mwalimu, naomba nisukutue tu," alisema. "Sitameza."

"Wingi, unanijua mimi. Kiu ni nini?"

Masanja alijaribu kutabasamu. "Uvivu wa koo, Mwalimu."

"Haya, ingia."

Hayo ndiyo mazungumzo yote, neno kwa neno. Nilikuwa nimekaa kati yao.

Kipindi cha pili nilimwona amekauka. Sisi wengine tulikuwa tunachuruzika jasho, yeye ngozi yake ilikuwa kavu kama karatasi. Alipata mpira, akageuka, akakimbia nao kuelekea goli letu. Watazamaji walicheka. Mimi nilimkimbilia nikidhani anafanya mzaha, nikamshika mkono, nao ulikuwa unachoma. Alinitazama kama hanifahamu, akasema kwa Kisukuma, "Minzi." Maji. Halafu miguu ikamwisha. Wanawake wa pale ndio waliokuja na mtungi na kummwagia. Mkufunzi alikuwa amesimama na filimbi mdomoni, hakuipuliza, hakuitoa. Masanja alifariki njiani kabla ya kufika hospitali, kichwa chake kikiwa mapajani pangu.

Kama ningeishia hapa, ningeandika kwamba Mkufunzi alikosea, na binadamu hukosea. Hasira yangu haianzi hapo.

Inaanzia Didia, kwenye mazishi. Vijana wazima hawafi wakicheza, walisema watu; lazima kuna mkono wa mtu. Mara wakakumbuka matobolwa. Mara wakakumbuka macho. Mimi nilisimama mbele ya wazee nikasema yote: dumu, rejeta, mtungi, ndimu. Nilisema kwamba matobolwa tuliyala wote. Walinisikiliza kwa upole, kisha baba yake Masanja akamgeukia Mkufunzi, aliyekaa kwenye kiti cha heshima na soksi zake nyeupe.

"Mwalimu," alisema, "huyu ni mtoto, ana uchungu wa rafiki yake. Wewe ndiye mjuzi wa mwili. Mwanangu amekufa kwa nini?"

Shangazi Kabula alikuwa kwa wanawake, kanga kichwani, akimtazama. Sentensi moja ingetosha. Nilimkataza maji. Au hata ile nyepesi zaidi: na mimi nilikula matobolwa hayo, nami ni mzima. Hakuna mtu pale ambaye angembishia.

Mkufunzi alikohoa. "Mzee wangu," alisema, "mwili una siri nyingi."

Watu waliguna wote kwa pamoja. Nilimwona Shangazi Kabula akishusha kanga mpaka usoni.

Haikupita muda, ng'ombe wake walikatwa mishipa ya miguu. Kisha mawe juu ya paa usiku. Kisha paa lenyewe likachomwa moto, na kaka yake, yule baba yake Masanja, hakutoka nje kuuzima. Shangazi alitoroka na kitenge alichovaa, akaenda kwa ndugu wa mbali Buseresere. Ninajua wanawake wengine wa huko kwetu ambao hawakupata nafasi ya kutoroka, kwa hiyo watu humwambia kwamba ana bahati. Nimewahi kumsikia akiambiwa hivyo, na nilimwona akiitikia kwa kichwa kwa adabu.

Nilimwendea Mkufunzi ofisini kumwomba arudi Didia. Alikuwa akisahihisha madaftari. Nilimwambia kuhusu paa. Aliniambia, bila kuinua kichwa, kwamba watu wale ni washirikina na hakuna maneno yanayoweza kuwasaidia. Nikamuuliza nani amewapa ushahidi. Nilipaza sauti, madarasa mawili yalisikia. Nilirudishwa nyumbani kwa utovu wa nidhamu, na barua iliyonirudisha ilikuwa na mwandiko wake mzuri. Nikajifunza useremala Ushirombo, na jioni nikajifunza mengine yote kwa vitabu vya kununua mnadani. Hilo silidai. Meza ninazotengeneza zimesimama imara. Ninalodai ni la Shangazi Kabula.

Kila nilipopita Buseresere na mbao nilimsalimu. "Shikamoo, Shangazi." "Marahaba, mwanangu. Hamjambo Ushirombo?" Alikuwa akianika udaga wa mihogo juu ya jabali, amezeeka, macho mekundu vilevile. Hakulalamika kamwe. Lakini kabla sijaondoka aliuliza, kila mara, kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua: "Yule mwalimu wenu, bado hajasema?"

"Bado, Shangazi."

"Basi labda mwakani. Nataka nikazikwe kwetu."

Miaka ya themanini nilipata kazi ya kutengeneza milango Segese. Watu walikuwa wameanza kumiminika kufuata dhahabu. Kulikuwa na vibanda, mashimo, kelele. Jioni moja nilisikia filimbi, nikaitambua kabla sijaona uwanja. Unaweza kutambua filimbi ya mtu kama unavyotambua kikohozi. Alikuwa amestaafu, amefungua duka dogo la dawa na sabuni, na alikuwa akiwafundisha mpira vijana wachimbaji. Soksi bado nyeupe, miguu ndani yake imekonda. Vijana walimwita Babu Mwalimu.

Kando ya mstari kulikuwa na ndoo mbili za maji zilizofunikwa kwa sahani, vikombe juu yake. Nilisimama nikitazama. Kila mpira ulipotoka nje alipiga kelele: "Wingi, kunywa maji! Kunywa, jua kali! Hakuna kucheza na koo kavu kwangu!"

Mapumziko yalipofika nilimsogelea. "Shikamoo, Mwalimu."

Alinitazama muda mrefu. "Beki," alisema. "Beki wa Kulia." Alichota maji kikombe kizima akanipa kwa mikono miwili. Niliyanywa yote, nikamrudishia kikombe.

"Maji haya yameanza lini, Mwalimu?"

"Tangu mwaka ule ule," alisema. "Tangu yule wingi wetu."

"Ana jina."

Aligeuza kikombe mkononi.

"Masanja," alisema, polepole.

"Mwili wake ulikuwa na siri gani?"

"Beki, mambo haya yamepita."

"Shangazi yake yuko Buseresere. Yu hai. Gari za kwenda huko zinapita barabara hii. Didia nako kaka yake yu hai, na wazee walioguna siku ile wapo, si wote lakini wapo. Anataka akazikwe kwao. Hakuna mwingine anayeweza kumrudisha ila wewe."

"Vijana hawa wananiheshimu," alisema. "Duka langu, mimi hapa... Umri huu nianze kuitwa muuaji?"

"Yeye aliitwa mchawi."

Vijana walikuwa wamekuja kwenye ndoo, wakitaniana, wakimwagiana maji shingoni. Mmoja wao, mwembamba, mwenye mguu wa kushoto niliokuwa nimeuona ukifanya kazi nzuri, alinisalimu na kuuliza, "Mzee, wewe ni mchezaji wa zamani wa Babu Mwalimu?"

"Ndiyo," nilisema. "Muulizeni Babu yenu nani alimfundisha kuweka ndoo hapa. Anaitwa Masanja. Muulizeni alikufaje."

Kijana alicheka, akidhani ni mzaha wa wazee, kisha akamtazama Mkufunzi na kuacha kucheka. Wengine nao waligeuka kumtazama, vikombe mikononi. Mkufunzi alitia filimbi mdomoni.

Niliwaaga nikaondoka. Kutoka uwanjani hadi barabarani si karibu. Nilitembea taratibu, nimetega sikio nyuma, kwa sababu kipindi cha pili kilitakiwa kuanza. Nilifika barabarani nikaweka kisanduku changu cha vifaa chini, nikasubiri gari. Filimbi ilikuwa bado haijalia.